Idhini ya Bidhaa za Ujenzi Florida: Namba ya FL Inaruhusu Nini Hasa

Dirisha lenye namba halali ya idhini ya jimbo la Florida linaweza kukataliwa na mkaguzi siku hiyohiyo linapofungwa ukutani, na mkaguzi akawa na haki kabisa. Mwenye nyumba hukasirika, fundi husema dirisha ni hilohilo lililoidhinishwa, na muuzaji huonyesha namba kwenye karatasi. Wote watatu wanasema kweli. Tatizo ni kwamba wote watatu wameielewa vibaya ile namba.

Namba ya idhini haisemi kwamba dirisha ni zuri. Inasema kwamba dirisha la ukubwa usiozidi kiasi fulani, lenye kioo cha aina fulani, likifungwa kwenye ukuta wa aina fulani kwa skrubu za aina na nafasi fulani, lilionyeshwa kuhimili shinikizo fulani la upepo. Ukiondoa sharti moja, kwa mfano ukatumia skrubu fupi kidogo kwa sababu ndizo zilizokuwapo, hauna tena bidhaa iliyoidhinishwa. Una dirisha tu. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya mlolongo wa idhini wa Florida, ambao watengenezaji na makandarasi wengi huuona kama msitu wa fomu, inaanza kueleweka.

Chanzo chake ni kimbunga Andrew. Kiliingia kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti 1992, na katika kaunti ya Dade (leo Miami-Dade) peke yake nyumba zaidi ya 25,000 zilibomolewa kabisa na nyingine zaidi ya 100,000 zikaharibika. Wachunguzi walipopita kwenye vifusi hawakukuta upepo tu. Walikuta mbao za kuezekea zilizopigwa pini zisizogusa hata mhimili, kuta za pembetatu za paa zisizo na mategemeo, na nyumba nyingi zilizoanza kufa mahali padogo: dirisha, au mlango wa gereji. Hapa kuna fizikia ambayo kila anayejenga kwenye eneo la vimbunga anapaswa kuijua. Upepo unaopita juu ya nyumba hulivuta paa kwenda juu. Nyumba ikiwa imefungwa vizuri, paa hupambana na mvuto huo peke yake. Dirisha likivunjika, upepo huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini wakati lingali likivutwa kutoka juu. Nguvu hizo mbili zikiungana, paa huondoka, na kuta zisizo na paa la kuzishika huanguka. Ndiyo maana Florida inalichunguza dirisha kwa makini ambayo sehemu nyingine huyahifadhi kwa nguzo na mihimili.

Baada ya Andrew, kaunti za kusini zilikaza kanuni zao kwanza. Kisha jimbo likaacha mtindo wa kila mji kuwa na kanuni zake na kutunga Kanuni za Ujenzi za Florida, zilizoanza kutumika tarehe 1 Machi 2002. Baadaye ukaja mfumo wa idhini ya bidhaa wa jimbo zima, unaosimamiwa na Tume ya Ujenzi ya Florida. Tume hiyo siku hizi iko chini ya idara ya jimbo inayoshughulikia biashara na taaluma, ambayo watu wa kazi hii huiita DBPR.

Si kila kitu kinachoingia kwenye jengo kinahusika. Mfumo unagusa gamba la nje na vitu vinavyolishikilia: paneli za kuta, milango ya nje, bidhaa za kuezekea, madirisha ya paani, madirisha ya kawaida, shata za kufunika madirisha, mifumo mingine ya kukinga dhidi ya vitu vinavyorushwa na upepo, na viungo vya kimuundo kama mabamba ya kuungia kenchi na nanga, yaani skrubu na boliti za kushikiza vitu ukutani. Mlango wa chumba cha kulala, kabati na vigae vya sakafu havimo. Ukiwa na bidhaa mpya kabisa ya gamba la nje ambayo haifanani na chochote, nayo ina njia yake, nitaifikia.

Mkanganyiko wa kwanza unahusu neno "jimbo". Watu hudhani idhini ya jimbo ni lazima. Kinacholazimishwa ni bidhaa za makundi hayo kuwa na idhini. Mtengenezaji anaweza kuitafuta kwa mamlaka ya ujenzi ya eneo moja na kuuza hapo tu, au kuitafuta kwa jimbo. Faida ya idhini ya jimbo ni kwamba haiulizwi upya kila mji: ofisa wa ujenzi wa eneo hawezi kudai vipimo vingine, kazi yake inabaki kuangalia kama bidhaa inatumika ndani ya masharti yake. Kaunti ya Miami-Dade ina kitengo chake cha kudhibiti bidhaa, nacho hutoa hati inayojulikana kwa herufi NOA. Hati hiyo inaheshimika sana, na mtengenezaji anaweza kuitumia kama ripoti ya tathmini anapoomba idhini ya jimbo. Kwa hiyo ukiona bidhaa ina namba ya FL na pia ina NOA, usidhani mojawapo ni ya ziada au ya bandia. Mara nyingi namba ya FL imejengwa juu ya NOA.

Sasa tuje kwenye maombi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uamuzi mmoja wa mwanzo huamua gharama na muda wa yote yanayofuata.

Kanuni inauliza kwanza: je, Kanuni za Ujenzi zina kiwango kilichoandikwa cha kuipima bidhaa ya aina hii? Kama kipo, mtengenezaji anaingia katika njia ya kwanza, yenye milango minne. Anaweza kuleta cheti kutoka kwa wakala wa uthibitishaji anayetambuliwa, ambaye tayari anaipima na kuikagua bidhaa hiyo na kuiweka kwenye orodha yake. Anaweza kuleta ripoti ya vipimo ya maabara iliyoidhinishwa na Tume. Anaweza kuleta ripoti ya tathmini kutoka kwa taasisi ya tathmini inayotajwa na sheria, kwa mfano ICC Evaluation Service au kitengo kile cha Miami-Dade. Au anaweza kumwajiri mhandisi au msanifu majengo mwenye leseni ya Florida, ambaye atachukua matokeo ya vipimo vya maabara, kufanya hesabu za kihandisi, kisha kutia sahihi na muhuri wake kwenye ripoti. Kama kiwango hakipo, bidhaa inaingia njia ya pili, ambapo ni lazima ionyeshwe kwamba inafanya kazi sawa na kile kanuni inachotaka. Huko milango inabaki miwili tu: taasisi ya tathmini, au mhandisi ama msanifu.

Mlango wa cheti ni wa haraka. Wakala wa uthibitishaji ameshafanya kazi nzito, hivyo ombi hupitiwa na watumishi wa idara na kujibiwa kwa takribani siku 10 za kazi badala ya kungoja kikao. Mlango wa mhandisi huwavutia watengenezaji wadogo kwa sababu unaruhusu kuchanganya vipimo na hesabu: dirisha kubwa limepimwa maabara, hesabu zinaonyesha nanga za aina nyingine zitashika vilevile kwenye ukuta wa mbao. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye thamani kubwa na hatari kubwa kwa pamoja. Mhandisi mzuri hukupa ripoti inayoruhusu aina nyingi za kuta na ukubwa mbalimbali, na bidhaa inauzika. Mhandisi mwenye haraka hukupa ripoti fupi inayoruhusu jambo moja, kisha kila mteja anayetaka kitu tofauti kidogo anarudi nayo.

Ripoti ya vipimo peke yake ni mlango wenye ukweli mgumu. Kilichopimwa ndicho kilichoidhinishwa. Ulipima dirisha la ukubwa huu, kwa nanga hizi, kwenye fremu ya mbao? Basi hapo ndipo mwisho. Hakuna anayeongeza hesabu juu yake.

Vipimo vyenyewe vinafaa kuonwa kwa jicho la akili. Kwa madirisha yatakayokinga dhidi ya vitu vinavyorushwa, maabara hurusha kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 4, chenye uzito wa pauni 9, yaani kilo 4.1, kwa mwendo wa futi 50 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa gari la mjini, kama kilomita 55 kwa saa. Mbao hiyo inawakilisha kipande cha nyumba ya jirani. Kipimo hicho kinahusu sehemu ya jengo iliyo chini ya futi 30 kutoka ardhini. Juu ya hapo hutumika vigololi vya chuma vya gramu 2 kila kimoja, kwa sababu kinachoruka juu zaidi huwa kokoto za paani, si mbao.

Wengi hushangaa kusikia kwamba kioo kinaruhusiwa kuvunjika. Kioo cha tabaka, chenye utando wa plastiki katikati, kitapasuka kama utando wa buibui, lakini lazima kibaki kwenye fremu. Halafu dirisha hilohilo lililopasuka hupelekwa kwenye mashine inayolisukuma na kulivuta kwa shinikizo la hewa, mara nyingi mno. Katika kiwango cha upimaji kiitwacho ASTM E1996 ni mizunguko 9,000, nusu ya kusukuma na nusu ya kuvuta. Kimbunga hakipigi mara moja kikaondoka, kinatikisa kwa saa kadhaa. Kusini, mfululizo wa vipimo unajulikana kwa majina TAS 201, TAS 202 na TAS 203: mbao, shinikizo tuli pamoja na hewa na maji, kisha mizunguko.

Vipimo vikishapatikana, ombi linajazwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tume. Mtengenezaji anataja kundi la bidhaa, njia aliyochagua, toleo la kanuni, viwango alivyotumia pamoja na miaka yake, na kupakia michoro ya ufungaji. Anaonyesha pia kwamba ana mkataba hai na wakala wa ubora, anayekwenda kiwandani kuhakikisha kinachotoka leo ni sawa na kilichopimwa. Sharti hili la mwisho nalipenda kuliko yote. Sampuli iliyokwenda maabara ilitengenezwa na mafundi bora wa kiwanda, kwa uangalifu wote. Dirisha litakalofungwa kwenye nyumba ya mtu lilitengenezwa Ijumaa jioni. Wakala wa ubora ndiye pekee katika mlolongo wote anayeliangalia dirisha la Ijumaa jioni, na tarehe ya mwisho ya mkataba wake huwekwa wazi kwenye ombi.

Kisha anaingia mhakiki. Huyu hapimi bidhaa upya. Anasoma kila karatasi na kuuliza kama zinasema jambo moja: je, kioo kilichotajwa kwenye ripoti ndicho kilichochorwa kwenye michoro? Je, shinikizo lililojazwa kwenye fomu linapatikana kweli kwenye ripoti? Je, toleo la kiwango ni lile linalokubaliwa na kanuni ya sasa? Wahusika wakuu wa ombi hutoa tamko la kujitegemea. Mhandisi anayetathmini hutamka kwamba hana maslahi ya kifedha kwa anayetengeneza wala anayesambaza bidhaa, na wala katika taasisi nyingine inayohusika na idhini ya bidhaa hiyo. Maana yake ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kujipikia, kujipakulia na kujisifia. Baada ya mhakiki, ombi lisilo la njia ya haraka hupitia kamati ya Tume inayosimamia bidhaa, kisha Tume yenyewe. Tume hukutana kwa ratiba, mara chache kwa mwaka, na kuna tarehe ya kufunga mapokezi kabla ya kila kikao. Anayechelewa siku moja hungoja kikao kinachofuata.

Maombi mengi yanayokwama hayakwami kwa sababu bidhaa ni mbovu. Yanakwama kwa sababu karatasi hazikubaliani. Fomu inasema bidhaa inaweza kutumika kwenye eneo la upepo mkali zaidi, ripoti haisemi hivyo. Mchoro unaonyesha skrubu kila inchi 12, ripoti inasema 8. Ushauri wangu kwa mtengenezaji ni mtu mmoja asome nyaraka zote kwa mkupuo mmoja, akiwa na kalamu, kabla mhakiki hajaziona.

Tuseme idhini imetoka. Namba yake huanza na herufi FL, kisha tarakimu. Baada ya nukta hufuata tarakimu nyingine inayotaja modeli mahususi ndani ya idhini hiyo, na herufi R ikifuatwa na namba huonyesha ni marekebisho ya ngapi. Ukipewa namba isiyo na sehemu ya nukta, umepewa jina la ukoo bila jina la mtu. Idhini moja inaweza kuwa na modeli kumi, mojawapo ya kukinga mbao zinazoruka na nyingine tisa sizo.

Ukurasa wa kila modeli una kisanduku kidogo kinachoitwa mipaka ya matumizi. Kama una dakika moja tu ya kusoma, soma hapo. Kinasema kwanza kama bidhaa inaruhusiwa kwenye eneo la vimbunga vya kasi kubwa, lijulikanalo kwa herufi HVHZ. Eneo hilo ni kaunti mbili tu, Miami-Dade na Broward, ambako nyumba ya kawaida husanifiwa kwa upepo wa maili 175 kwa saa katika ya kwanza na maili 170 katika ya pili. Bidhaa inayoruhusiwa Palm Beach, kaunti jirani kabisa, inaweza kuwa marufuku ukivuka mpaka kwenda kusini. Kisha kinasema kama inakinga dhidi ya vitu vinavyoruka. Usidhani hilo ni suala la kusini tu: sharti la kinga linafika popote upepo wa usanifu unapofika maili 140 kwa saa, na pia ndani ya maili moja ya pwani ukifika maili 130.

Kisha yanakuja mashinikizo mawili, moja lenye alama ya kujumlisha na jingine la kutoa. La kwanza ni upepo unaposukuma dirisha kuelekea ndani, la pili ni unapolivuta kutoka nje. Watu huangalia la kwanza na kuridhika. Lakini kwenye kona za jengo mvuto ndio mkubwa. Tuseme mhandisi wa nyumba amekokotoa kwamba dirisha la kona linahitaji kuhimili +42 na −56, kwa pauni kwa kila futi ya mraba. Dirisha lililoidhinishwa kwa +50 na −50 linafaulu upande mmoja na kufeli upande wa pili. Dirisha hilohilo katikati ya ukuta, ambako mvuto ni mdogo, pengine lingefaa. Jengo moja, bidhaa moja, namba moja ya FL, majibu mawili.

Kuna mtego mwingine hapa unaowanasa hata wataalamu. Tangu kanuni ya toleo la 2010, ramani za upepo hutoa kasi ya kikomo, yaani ya upepo mkali wa nadra, na hesabu zikifanywa moja kwa moja hutoa mashinikizo makubwa. Viwango vilivyoandikwa kwenye idhini za madirisha kwa kawaida ni vya usanifu wa kuruhusika, yaani vya mzigo wa kazi ulio chini ya ule wa kikomo, hivyo shinikizo la kikomo huzidishwa kwa 0.6 kabla ya kulinganishwa. Lile −56 la mfano wetu lilianza kama −93. Asiyejua hilo ataona dirisha zuri limekataliwa na kumwambia mteja anunue la bei kubwa zaidi bila sababu. Kosa la kinyume ni baya zaidi: anayezidisha kwa 0.6 mara mbili hupata 34, akafurahi, na kufunga dirisha dhaifu.

Ukubwa nao hubadilisha jibu. Dirisha kubwa hupokea nguvu nyingi zaidi kwenye fremu ileile, hivyo ripoti nyingi huwa na jedwali: upana na urefu huu, shinikizo hili, ongeza upana, shinikizo linashuka. Ile namba moja iliyo kwenye ukurasa wa mbele mara nyingi ni ya hali fulani tu, na jedwali ndilo lenye neno la mwisho.

Halafu michoro ya ufungaji. Inataja aina ya skrubu, kina chake ndani ya zege au mbao, umbali wake kutoka ukingo, na nafasi kati ya moja na nyingine. Fundi aliyefunga madirisha miaka ishirini huiona kama dharau kwa ujuzi wake, na namwelewa. Lakini zege karibu na ukingo hupasuka kwa nguvu ndogo kuliko zege la katikati, na hakuna ujuzi wa mkono unaobadilisha hilo. Michoro hii inatakiwa iwepo eneo la kazi mkaguzi anapofika, na mkaguzi anatakiwa afike kabla skrubu hazijafunikwa kwa plasta. Akikuta zimefunikwa ana haki ya kuagiza zifunuliwe, gharama ikawa ya mkandarasi.

Idhini pia inazeeka. Kanuni za Florida hutolewa upya kila baada ya miaka mitatu hivi, na toleo la 8 lilianza kutumika tarehe 31 Desemba 2023. Toleo jipya likija, idhini inayotegemea viwango vilivyobadilika lazima ifanyiwe marekebisho. Kama hakuna kilichobadilika kwa bidhaa hiyo, mtengenezaji huthibitisha hivyo kupitia mfumo na kuendelea. Asiyefanya lolote, idhini yake hubaki chini ya toleo la zamani, na haitafaa kwa kibali kinachoombwa chini ya toleo jipya. Mtu aliyenunua madirisha kwa punguzo kubwa kutoka ghala lililokuwa likifungwa anaweza kugundua hilo akiwa dirishani pa ofisi ya vibali, mzigo wake ukiwa tayari umelipiwa.

Mtengenezaji naye ana wajibu unaosahaulika. Akibadilisha kioo, gundi, au muundo wa fremu kwa sababu msambazaji wake ameishiwa, ile bidhaa ya kwenye idhini si tena anayoitengeneza, hata kama kwa macho haionekani tofauti. Anatakiwa kurudi, kupata tathmini ya mabadiliko, na kuomba marekebisho kabla ya kuuza. Wakala wa ubora akikuta tofauti hiyo kiwandani kabla yake, jambo huwa zito, kwa sababu idhini inaweza kusimamishwa au kufutwa. Na kila mkandarasi mwenye namba hiyo kwenye kibali ambacho hakijafungwa atalazimika kutafuta dirisha jingine lenye vipimo vilevile vya uwazi uliokwishaachwa ukutani.